Mdogo ana mapepe, dada yake anazubaa: nimpeleke yupi kwa daktari?

SWALI

Ndugu washauri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro mjini, nauza vitenge sokoni. Naomba msaada kuhusu mwanangu wa kiume. Ana miaka mitano na miezi minne, yuko chekechea, na hatulii hata kidogo. Anapanda madirisha, anaruka juu ya makochi, ukimwambia kaa chini anakaa dakika mbili keshanyanyuka. Mwalimu wake ameniita kunieleza kwamba mtoto ana mapepe, anawasukuma wenzake kwenye foleni ya uji na wakati wa kusoma silabi anazunguka darasani. Jirani aliona video kwenye simu, akasema hiyo ni ADHD na kuna dawa ya kumtuliza. Mama mkwe anasema ni soda na katuni. Mume wangu anasema hata yeye alikuwa hivyo, akakua akaacha. Wifi ameshauri mtoto aombewe.

Chakula anakula vizuri. Analala saa mbili na nusu usiku, tunamwamsha saa kumi na mbili asubuhi, mchana halali. Hadithi za bibi yake anazisikiliza mpaka mwisho, na akitengeneza magari ya maboksi anatulia.

Dada yake ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Huyo ni mpole, hana shida, tatizo lake ni uvivu tu. Anazubaa, nikimwita mara tatu ndiyo anashtuka. Kazi za nyumbani hamalizi, na nisipomkalia anazikwepa kabisa. Masweta na penseli anapoteza kila muhula. Ukimtuma gengeni nyanya, kitunguu na kiberiti, analeta nyanya peke yake. Mwalimu anasema akili anayo ila hajitumi, na amekuwa akichapwa kwa kutomaliza kunakili. Cha ajabu, akichora anakaa saa nzima bila kuinua kichwa, kwa hiyo najua akitaka anaweza. Yuko hivyo tangu darasa la kwanza. Siku hizi amezidi kusema yeye ni mjinga, na Jumapili jioni tumbo linamuuma. Lakini huyu nitamalizana naye mwenyewe. Nielezeni dalili za ADHD ili nijue kama mdogo wake anazo.

Mama Wawili, Morogoro

JIBU

Mama Wawili, barua yako tumeisoma zaidi ya mara moja. Nafasi kubwa umempa mdogo, na dada yake umempitia haraka kwa sababu hasumbui mtu. Kwa uliyoyaandika, tunakuomba uanze na binti. Mdogo naye tutamfikia.

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa uwezo wa mtoto kuongoza umakini wake, kujizuia na kupanga mambo. Inakadiriwa kuwapata watoto watano hivi katika kila mia, maana yake darasa la watoto 80 linaweza kuwa nao wanne. Ina pande mbili, na kwa watoto wengi huja pamoja. Upande wa kwanza ni kutotulia na kukurupuka, ambao kila mtu anauona. Wa pili ni umakini kukatika, nao hauna kelele. Mtoto wa upande huo anakaa kwenye dawati macho yakiwa ubaoni, na mwalimu hana namna ya kujua kwamba nusu ya somo limempita. Wavulana hugunduliwa mara mbili au zaidi ya wasichana, na sababu mojawapo ni hii: wasichana wengi huwa upande huu wa kimya, hivyo hupewa majina mengine, mvivu, mzembe, mzubaifu, mpaka wanayaamini wenyewe.

DSM-5 ya mwaka 2013, mwongozo wa kutambua matatizo ya akili unaotumiwa na madaktari wengi, umeorodhesha dalili tisa za umakini: kufanya makosa ya kutoangalia vizuri, kushindwa kudumu kwenye kazi au mchezo, kuonekana hasikii anaposemeshwa, kuanza kazi bila kuimaliza, kushindwa kupanga vitu na muda, kukwepa kazi inayotaka akili kwa muda mrefu, kupoteza vitu vyake, kuvutwa na chochote kinachopita pembeni, na kusahau mambo ya kila siku. Dalili za kutotulia na kukurupuka nazo ni tisa. Kwa mtoto zinatakiwa angalau sita za upande mmoja, ziwe zimedumu miezi sita au zaidi kwa kiwango kisicholingana na umri wake, baadhi ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane sehemu mbili au zaidi, na ziwe zinamharibia maisha. Kwenye barua yako dalili tano za binti zimo waziwazi, na hujazungumza na mwalimu kwa undani bado. Zimeanza tangu darasa la kwanza. Ziko nyumbani na ziko shuleni. Na anaumia: mtoto wa miaka tisa anayejiita mjinga na kuumwa tumbo kila Jumapili jioni anaiogopa Jumatatu.

Kuhusu kuchora. Hapo ndipo wazazi na walimu wengi wanapokosea, kwa hiyo tukae hapo kidogo. ADHD haimaanishi kwamba mtoto hana umakini. Umakini anao, ila anashindwa kuuongoza. Kazi inayompa raha papo hapo inamshika hata zaidi kuliko watoto wengine, ndiyo maana anaweza kuchora saa nzima, na mwingine akacheza gemu mpaka giza liingie. Kunakili mistari 15 ya maarifa ya jamii hakumpi chochote mpaka mwisho wa muhula, na ubongo wake hauwezi kujisukuma kwa malipo yaliyo mbali kiasi hicho. "Akitaka anaweza" ni kweli kwa kuchora. Kwa kunakili, anataka na bado hawezi kudumu. Fimbo haitibu hilo, kwa sababu sheria anaijua tayari, akikuambia usiku kwamba kesho atamaliza anamaanisha. Anakwama kwenye utekelezaji, na hofu inampunguzia hata ule umakini mdogo aliobaki nao. Nenda uongee na mwalimu wa darasa, kwa heshima, umwombe aache kumchapa kwa kosa hilo mtoto anapochunguzwa.

Hata hivyo hatusemi kwamba binti ana ADHD. Zipo hali kadhaa zinazofanana nayo kabisa, na nyingine hutibika kwa wiki chache, ndiyo maana huangaliwa mapema.

Masikio kwanza. Mtoto aliyewahi kutoa usaha masikioni anaweza kuwa anasikia nusu nusu bila mtu kujua. Simama nyuma yake, umbali wa mkono ulionyooshwa. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole, kisha nong'ona maneno matatu yasiyohusiana, kwa mfano kisu, saba, mbuzi, ayarudie. Fanya tena kwa maneno mengine matatu, kisha uhamie sikio la pili. Akikosa zaidi ya nusu upande wowote, apimwe hospitali kabla ya jambo jingine lolote. Akipata yote, bado mwambie mhudumu wa afya amwangalie ndani ya sikio, kwa sababu kipimo hiki cha nyumbani hakikamati kila kitu.

Macho yanajitaja kwenye daftari. Linganisha alichonakili kutoka ubaoni na alichonakili kutoka kitabuni. Kama cha ubaoni kina makosa mengi na cha kitabuni ni safi, shuku macho. Kama vyote vinaanza vizuri na kuharibika kadiri ukurasa unavyoshuka, hiyo inaelekea kwenye umakini. Na kama anajibu vizuri kwa mdomo lakini kusoma kwake ni kwa kubahatisha, anageuza herufi na imla inamshinda hata anapojitahidi, anaweza kuwa na disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, peke yake au pamoja na ADHD, maana mara nyingi huandamana.

Halafu kuna kuzubaa kwenyewe. Upo kifafa kisicho na kuanguka wala povu. Mtoto anakatika ghafla katikati ya sentensi au tonge likiwa mkononi, anatazama mahali pamoja kwa sekunde 5 hadi 20, wakati mwingine kope zinapepesa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukimgusa bega wakati huo harudi. Anayezubaa kwa sababu ya umakini hurudi ukimgusa, na huzubaa zaidi akiwa amechoshwa na kazi kuliko akiwa katikati ya mchezo. Binti yako anashtuka ukimwita mara ya tatu, na hilo linatupa ahueni, lakini mguse bega siku chache uone. Ukipata tukio la aina ile ya kwanza, mrekodi kwa simu na uende hospitali wiki hiyo hiyo. Mtoto ambaye tayari anatumia fenobabitoni kwa ajili ya kifafa ajulikane kwa daktari pia, kwani dawa hiyo yenyewe inaweza kumfanya asitulie na akose umakini.

Mengine ni upungufu wa damu, hasa kama viganja vimepauka au anakula udongo wa sokoni au mkaa. Kukoroma kila usiku mdomo ukiwa wazi, kwa sababu ya tezi zilizovimba nyuma ya pua, humwamsha mtoto mara nyingi usiku bila yeye kujua. Njaa ya saa nne asubuhi. Lugha ya kufundishia aliyobadilishiwa juzi. Na kama tabia ingekuwa imeanza ghafla mwaka huu, tungekuuliza swali gumu zaidi: kuna nani anayemtisha, anayempiga au anayemgusa mwili wake? Yeye alianza tangu darasa la kwanza, lakini hayo maumivu ya tumbo na hilo neno "mjinga" ni ya siku hizi, kwa hiyo muulize hata hivyo, mkiwa wawili, bila kumlazimisha.

Wiki mbili zijazo nunua daftari dogo. Kila siku andika nyakati tatu tu: kujiandaa asubuhi, kazi za shule, na kutumwa. Kwa kila wakati andika ulisema nini, alifanya nini, ilichukua dakika ngapi, na wewe ulifanya nini baadaye. Usiandike "alikuwa mzembe", maana daktari hawezi kulitumia neno hilo. Andika "nilimtuma vitu vitatu, alileta kimoja, njiani alisimama kuangalia mafundi". Siku alizofanya vizuri ziandike pia, pamoja na kilichokuwa tofauti siku hiyo. Mara nyingi dawa ya nusu ya tatizo inapatikana kwenye siku hizo nzuri.

Kwa mwalimu usiulize "anaendeleaje", utajibiwa "ajitahidi". Uliza: wenzake wakinakili mistari 10 yeye anafikisha mingapi? Anamaliza maswali mangapi ya hesabu, na yale aliyofanya yako sahihi? Anajibu vizuri zaidi kwa mdomo? Ukimlinganisha na msichana mwingine wa umri wake, siyo yule wa kwanza darasani, unaona tofauti gani? Anacheza na nani? Umwombe aandike majibu kwenye karatasi na kuweka sahihi. Angalia pia kama binti ni miongoni mwa wadogo kiumri darasani, kwani watoto hao hudhaniwa kuwa na tatizo la umakini kumbe ni uchanga tu.

Kisha anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya: masikio, macho, damu, uzito. Omba rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, na ikibidi hadi idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Usiogope jina la kliniki. Beba daftari lako, karatasi ya mwalimu, daftari zake mbili za shule zenye kazi ambazo hazijamalizika, na kadi yake ya kliniki ya utotoni, kwa sababu kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo huongeza uwezekano wa hali hii. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha ADHD. Uchunguzi wa kweli ni maswali kwa mzazi, maswali kwa mwalimu na kumwangalia mtoto. Unaweza kupewa dodoso la Vanderbilt, ambalo ni la watoto wa miaka 6 hadi 12. Kila dalili hupewa alama 0 hadi 3, na inahesabiwa ikifika 2, yaani "mara nyingi". Jaza kwa ukweli, usiongeze ili akubaliwe wala usipunguze kwa aibu. Mtu akimpa binti jina la ugonjwa baada ya kumtazama dakika 10 bila neno la shule, tafuta maoni ya pili.

Huhitaji kungoja majibu ili kumsaidia. Unapompa agizo, usipaze sauti kutoka jikoni. Msogelee, mguse bega, mpe jambo moja kwa maneno machache, kisha mwambie alirudie. Usimlazimishe kukutazama machoni, kwani wengi wetu tumewafundisha watoto kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na kurudia kwa mdomo kunatosha kuonyesha amesikia. Akienda gengeni mpe karatasi yenye vitu vitatu, na akirudi avikague mwenyewe mlangoni.

Kazi za shule zifanyike baada ya kula na kupumzika kidogo jioni, siyo saa tatu usiku. Aelekee ukutani, televisheni izimwe, mezani kuwe na daftari moja na penseli moja. Dakika 10 za kazi, 3 za kusimama na kunyoosha mwili, tena 10. Kaa karibu kwa swali la kwanza na la pili, maana kuanza ndiko kunakomshinda zaidi. Begi lipangwe usiku na litundikwe kwenye msumari mmoja usiobadilika, pamoja na sweta lenye jina lake lililoshonwa kwa uzi. Msifu pale pale, na utaje alichofanya: "umemaliza maswali manne bila kuinuka". Ahadi ya baiskeli akiwa wa kumi bora haifanyi kazi kwake, Desemba iko mbali mno. Zawadi iwe ya siku hiyo hiyo, kama karatasi mpya ya kuchorea. Baada ya wiki mbili tatu itachuja, ibadilishe kabla hujakata tamaa. Usimnyang'anye kuchora kama adhabu. Ni mahali pekee anapojiona anaweza.

Mwalimu mwenye watoto 80 usimpe orodha ndefu. Omba mambo mawili: akae dawati la mbele mbali na mlango, na mwalimu apite kwake baada ya swali la kwanza kuona kama ameanza.

Sasa mdogo. Mvulana wa miaka mitano anayeruka makochi na kusukuma kwenye foleni bado anaweza kuwa ndani ya kawaida ya umri wake, na anayesikiliza hadithi mpaka mwisho anaonyesha kwamba anaweza kufuata jambo ambalo si la mikono yake. Lakini usingizi wake haumtoshi. Saa mbili na nusu hadi saa kumi na mbili ni saa tisa na nusu, wakati watoto wa miaka 3 hadi 5 wanahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Mtoto mdogo akikosa usingizi hasinzii kama mtu mzima, huchangamka kupita kiasi. Alale saa moja na nusu, simu zizimwe saa nzima kabla. Apate muda wa kukimbia nje kabla ya shule na baada ya shule, na mwalimu ampe kazi ya kugawa vikombe vya uji badala ya kumsimamisha kwenye foleni. Fanyeni hivyo miezi mitatu. Akiwa bado tofauti sana na wenzake nyumbani na shuleni, naye apimwe, kwa kuwa uchunguzi unawezekana tangu miaka minne. Usingoje hiyo miezi mitatu kama anakimbilia barabarani bila kuangalia kila mara, anaumiza wenzake, maongezi yake yako nyuma ya umri, au amepoteza jambo alilokuwa analiweza.

Dawa aliyoitaja jirani huenda ni methilifenideti, inayofahamika zaidi kwa jina la Ritalin. Ni dawa halali na inawasaidia watoto wengi, lakini kwa walio chini ya miaka sita hatua ya kwanza ni kuwafundisha wazazi mbinu za malezi kama hizi. Kwa mkubwa, huandikwa na daktari baada ya uchunguzi, na mtoto hupimwa uzito, urefu, mapigo ya moyo na presha kabla ya kuanza na baadaye mara kwa mara, kwa sababu hupunguza hamu ya kula, huchelewesha usingizi na inaweza kupandisha mapigo. Usimpe mtoto dawa ya kumlaza kutoka duka la dawa.

Mama mkwe umsikilize kuhusu soda, kwani meno yataharibika, na soda za kola zina kafeini inayofukuza usingizi. Ila sukari haileti ADHD. Kwenye tafiti, watoto waliopewa sukari au kitu kitamu kisicho sukari, bila wao wala wazazi kujua kipi ni kipi, hawakutofautiana tabia. Wala si ugonjwa wa katuni: daktari George Still alieleza watoto wanaofanana na hawa mbele ya madaktari wenzake London mwaka 1902, kabla televisheni haijakuwepo. Maombi hayana ubaya, mradi yasichukue nafasi ya kliniki na mtoto asilazimishwe kufunga kula wala kupigwa kwa jina la kutolewa pepo.

Mume wako ametaja jambo la maana bila kujua. ADHD hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na wengi hawaiachi kabisa, kutulia kwa mwili huja na umri lakini kusahau na kuahirisha hubaki. Mwombe aje kliniki siku hiyo. Daktari atamuuliza alivyokuwa darasa la nne, na binti atasikia kwamba baba yake naye alikuwa akipoteza masweta.